Siku nne Slovenia bila gari, ukiwa na mama

Dada, umeuliza kama siku nne zinatosha kuona milima, ngome na maziwa ya Slovenia kwa basi, ukiwa na mama anayesumbuliwa na magoti. Zinatosha, ila usizimalizie zote Bled, ule mji ulio kando ya ziwa.

Bled mpe siku moja. Ngome, iliyotajwa kwenye hati ya mwaka 1011, iko juu ya jabali, kwa hiyo pandeni teksi. Kisiwani, katikati ya ziwa, mnakwenda kwa mashua iitwayo pletna, lakini kufika kanisani kuna ngazi 99. Muulize mama kabla hamjalipa.

Siku zilizobaki hamieni Bohinj, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Triglav. Kwangu mimi huko ndiko kwenye raha: ziwa kubwa zaidi, kelele chache. Gari la nyaya la mlima Vogel linawafikisha kimo cha zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari mkiwa mmesimama tu, na kukiwa kweupe mtauona mlima Triglav, mita 2,864. Wahini asubuhi, maana kiangazi radi hupenda mchana. Maporomoko ya Savica yana ngazi zaidi ya 500, hayo nenda peke yako, mama abaki na kahawa yake. Sweta mbebe hata Julai.