Nikipanda feri, pumzi hunibana: je, nimepungukiwa na imani?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkaazi wa Likoni, na kila asubuhi huvuka kwenda kazini mjini. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa watu 272 waliofariki feri ya Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994, nami nimekua nikimwona nyanya akilia kila mwezi huo ufikapo. Siku hizi lango la feri likiinuliwa tu, viganja hulowa jasho na pumzi hunibana. Katika kikundi chetu cha maombi nimeambiwa kwamba mwenye imani haogopi. Nimeomba na kufunga, lakini hofu ingalipo. Je, Mungu hanisikii?
Msomaji, Likoni

JIBU: Dada yangu, pole kwa msiba ambao jamaa yenu imeubeba miaka yote hii. Neno uliloambiwa kikundini silikubali, kwa maana limekutwika mzigo wa pili kabla hujautua wa kwanza. Mwimbaji wa Zaburi ya 56 hakudai kwamba siku ya hofu haitamfikia. Alisema kwamba siku hiyo ikifika, atamtumaini Mungu. Na Bwana Yesu mwenyewe, pale Gethsemane, aliwaeleza wanafunzi wake wazi jinsi roho yake ilivyohuzunika kiasi cha kufa, kisha akaomba mara tatu kwa maneno yale yale. Basi anayerudia ombi lake asidhani kuwa hajasikiwa.

Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, akawaambia haja zao zijulikane na Mungu, pamoja na kushukuru, na amani ya Mungu itaihifadhi mioyo yao. Kuhifadhi huko ni kazi ya mlinzi anayesimama langoni, na mlinzi hawekwi mahali pasipo na hatari. Kwa hiyo, kabla hujapanda, usiikemee hofu yako wala usiifiche, bali itaje: “Bwana, nayaogopa maji haya, kwa sababu jamaa yangu alifia majini.” Kisha mshukuru kwa kukuvusha salama jana. Ningependa pia mmoja wa hao waliokuonya avuke nawe wiki nzima, akiwa amekushika mkono.

Ukipita Kengeleni, itazame ile kengele. Watumwa walioachwa huru na kupewa makao Frere Town tangu mwaka wa 1875 walikuwa watu wa kusali, na bado kengele ililia kuwaonya wao kila wafanyabiashara ya watumwa walipokaribia. Hakuna aliyewahesabia jambo hilo kuwa ukosefu wa imani. Mwili wako nao unapiga kengele. Ikiwa pumzi inaendelea kukubana, au usingizi umekupotea, mwone daktari au mshauri wa afya ya akili, wala usione kwamba umemwacha Mungu. Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakumkaripia. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena.

Nami nitakutaja mbele za Mungu kila asubuhi, saa unayoteremka kuelekea kivukoni.