Hadithi za wachezaji kwenye wiki ya gemu

Je, hadithi walizotunga wachezaji ziingie kwenye wiki ya gemu, yaani tovuti ya maelezo ambayo wachezaji wenyewe huihariri? Ziingie, ila kwenye kurasa zake, zisichanganywe na maelezo ya gemu yenyewe. Chukua Herobrine wa Minecraft: ana sura ile ile ya Steve, mhusika wa kawaida wa gemu hiyo, ila macho meupe matupu. Alitungwa na wachezaji mwaka 2010, na ndani ya gemu hajawahi kuwemo. Wiki ya Minecraft ina ukurasa wake, unaosema wazi kuwa ni hadithi. Na ni haki, maana Mojang wenyewe, kampuni iliyotengeneza Minecraft, waliandika kwamba "wamemwondoa Herobrine" kwenye orodha ya mabadiliko ya toleo la Beta 1.6.6 mwaka 2011, wakaendelea kulirudia hilo kwenye matoleo mengi yaliyofuata. Mtoto akikuta maneno hayo atatafuta huyo ni nani. Wiki ikinyamaza, anabaki na uvumi wa YouTube.

Vita vya B-R5RB (jina la mfumo wa nyota) kwenye EVE Online, gemu ya vyombo vya anga, Januari 2014, ni jambo jingine: havikutungwa, vilipiganwa kweli na wachezaji na Titan 75, vyombo vikubwa kabisa vya gemu hiyo, zikateketea. Hiyo ni historia, iandikwe kama tukio lenye tarehe.

Tatizo ni wasifu wa mhusika wako binafsi. Nimewahi kuhariri wiki ya gemu ndogo. Mtu alipachika shujaa wake katikati ya orodha ya wafalme, na baada ya muda wasomaji wakawa wanabishana kwa kumtaja kama ushahidi. Za namna hiyo ziwekwe kwenye ukurasa wa mtumiaji mwenyewe, na kichwani iandikwe "utunzi wa mchezaji".