Je, imani ya Ibrahimu inanitaka niache kazi na mama yangu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya, sijaolewa, na ninaishi na mama yangu mjane ambaye miguu haimruhusu tena kwenda hata sokoni peke yake. Katika mkutano wa injili uliofanyika mtaani kwetu, mhubiri mgeni alifundisha kutoka Mwanzo 12, ambako Mungu anamwita Ibrahimu atoke katika nchi yake, kisha akaniita mbele na kuniambia kwamba Mungu ananitoa katika Uru yangu, kama alivyomtoa Ibrahimu katika mji wa Uru, na kwamba nikikaa kuuliza maswali nitakuwa kama Tera, baba yake Ibrahimu, aliyefia njiani. Anataka niandike barua ya kuacha kazi na kuifuata huduma yake katika mkoa mwingine. Nina hamu ya kumtumikia Mungu, lakini naogopa. Je, kuuliza ni kukosa imani?
Msomaji, Iringa

JIBU: Amina, dada yangu. Nianze na huyo mhubiri. Aliyemwambia Ibrahimu atoke alikuwa Mungu mwenyewe, wala hapakuwa na mtu wa kati aliyekuwa akitafuta wafanyakazi wa huduma yake. Anayekutangazia wito akiwa ndiye pia atakayefaidika na kuitika kwako, una wajibu wa kupima. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akawaambia wajaribu mambo yote (1 Wathesalonike 5:20-21).

Sasa tuangalie Ibrahimu aliacha nini hasa. Wataalamu wengi huuweka mji wa Uru kusini mwa Iraki ya leo, karibu na Nasiriyah, ambako Leonard Woolley alichimba magofu kati ya mwaka 1922 na 1934. Ulikuwa mji mkubwa, wenye hekalu la mungu mwezi lililojengwa juu ya mnara wa ngazi. Harani, ambako Tera alikomea, uko kusini-mashariki mwa Uturuki, na huko nako mungu mwezi aliabudiwa kwa heshima kubwa. Yoshua 24:2 inasema wazi kwamba Tera na wazee wake waliitumikia miungu mingine. Kwa hiyo familia ile ilikuwa imekwisha kusafiri mamia ya kilomita, na bado ikajikuta mahali penye ibada ileile iliyoizoea. Mtu anaweza kuhama mkoa, akabadili kazi na kanisa, na yale aliyokuwa akiyategemea badala ya Mungu akahama nayo yote. Na anaweza pia kuyaacha akiwa palepale alipozaliwa.

Kuhusu maswali, nikiri kwamba kati ya wito na safari hatusomi swali lolote kutoka kwa Ibrahimu. Waebrania 11:8 inasema alitoka asijue aendako. Utii huo ulikuwa na gharama, tena ya muda mrefu: alipofika Kanaani alikuta njaa, na Stefano anatukumbusha katika Matendo 7:5 kwamba hakupewa hata mahali pa kuweka mguu. Ardhi aliyokuja kuimiliki ni shamba lenye pango la Makpela, alilolinunua kwa shekeli 400 za fedha ili amzike mkewe. Lakini ukifika Mwanzo 15 utamsikia akimwuliza Mungu atampa nini naye hana mtoto, na atajuaje kwamba nchi hiyo itakuwa yake. Mungu hakumkemea, alimjibu kwa kufanya naye agano. Anayekutisha kwamba swali ni dhambi anakudai zaidi ya alivyodai Mungu.

Tena soma Mwanzo 12:5, mstari ambao wahubiri wengi huupita mbio. Ibrahimu aliondoka Harani pamoja na mkewe, mpwa wake, mali yote waliyoipata na watu wa nyumbani mwake. Uuguzi wako si sanamu ya Uru. Yapo makanisa yenye hospitali na zahanati vijijini zinazohitaji sana wauguzi, na wito wako, kama upo, huenda unapita katika mikono yako hiyohiyo.

Suala la mama ni zito zaidi. Stefano anasema Ibrahimu alitoka Harani baada ya baba yake kufa, ingawa anayejumlisha miaka ya Mwanzo 11 na 12 anaweza kuona kama Tera aliishi miaka 60 zaidi baada ya mwanawe kuondoka, na wafasiri hawajakubaliana. Sitajenga fundisho juu ya hesabu hiyo. Ninajenga juu ya Marko 7, ambako Bwana Yesu anawakemea watu waliotumia sadaka kwa Mungu kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao, na juu ya 1 Timotheo 5:8, inayosema kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Kaa na ndugu zako mpange nani atakaa na mama na nani atachangia nini. Mshirikishe mchungaji wako na wazee wa kanisa wanaokufahamu. Ukitaka kuujaribu wito huo, omba likizo kwanza kabla ya kuandika barua ambayo ni vigumu kuirudisha. Na mambo hayo yakikaa sawa, wito ukabaki palepale, basi nenda, hata kama hujui mshahara utatoka wapi mwaka wa pili. Hapo woga peke yake usiwe sababu ya kubaki.

SWALI: Tunafundishwa kwamba Ibrahimu alikosa utii kwa kumchukua mpwa wake Lutu, kwa kuwa aliambiwa aache jamaa zake. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Maandiko hayasemi hivyo. Baba yake Lutu alifia Uru (Mwanzo 11:28), kwa hiyo kijana huyo alikuwa yatima aliyelelewa na ukoo, na sioni lawama yoyote katika sura ya 12 kwa kuandamana na amu yake. Ni kweli kwamba baadaye wachungaji wao waligombana na ahadi ya nchi ikarudiwa baada ya kutengana, na hapo ndipo fundisho hilo linapojishikiza. Hata hivyo, Lutu alipotekwa, Ibrahimu aliwachukua watu 318 wa nyumbani mwake akamfuata mpaka akamrudisha (Mwanzo 14:14-16), na aliporudi Melkizedeki, mfalme wa Salemu na kuhani wa Mungu, alimlaki kwa mkate, divai na baraka.