Maswali yenu: Sanduku la babu lichomwe?

Swali: Shikamoo Bibi. Babu mzaa baba alifariki mwaka jana hapa Mikindani. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake la bati, tukakuta stakabadhi za kodi ya kichwa, barua tatu za herufi za Kiarabu, madaftari ya mauzo ya korosho na picha ya watu tusiowajua. Baba mdogo anataka tuchome. Anasema historia ya ukoo wazee wanayo kichwani, na mchwa wameshaingia. Nimeomba wiki mbili. Nimwambie nini?
*Mjukuu, Mikindani*

Jibu: Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana kwa msiba. Kiberiti kirudi jikoni kwanza. Nimezitazama picha ulizonitumia, moja baada ya nyingine, na nitaanza na ile stakabadhi ndogo ya 1954, kwa sababu ndiyo inayomjibu baba yako mdogo.

Soma mstari wa tatu, pale wino ulipogeuka rangi ya kahawa. Pana jina la babu, jina la jumbe, na jina la kijiji. Umeniandikia kwamba hapo nyumbani hakuna anayekijua kijiji hicho. Sishangai. Kati ya 1973 na 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi wa mikoa yetu hii walitolewa kwenye makazi yao ya zamani wakapelekwa vijiji vipya. Majina mengi yalibaki kwenye mahame, na waliozoea kuyatamka wakazeeka, wakatutoka. Wazee wenu wanasimulia vizuri, lakini masimulizi yao yanaanzia pale walipohamia. Karatasi hiyo isiyozidi kiganja inaanzia nyuma yake. Kesho ukitaka kujua kaburi la mama yake babu liko wapi, hilo ndilo jina utakalokwenda nalo kuulizia.

Simdharau mzee anayesimulia, tena hata kidogo. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Faili za Wajerumani zinaieleza vita hiyo kwa upande wa wenye bunduki. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walikwenda vijijini kukaa na wazee walioiona kwa macho, wakawauliza habari za dawa, za mashamba ya pamba, za njaa iliyofuata. Wazee wale wameshazikwa. Tunawasikia leo kwa sababu mtu alikaa nao mkekani akaandika. Kwa hiyo baba mdogo akisema wazee wanajua, mwitikie, kisha umpe daftari na kalamu aanze kuwaandika wiki hii hii.

Wengine husema kuandika ni mambo ya Wazungu, sisi ni watu wa midomo. Si kweli, na inaniuma nikiisikia ikisemwa huku Kusini. Mwaka 1890 Machemba, mkuu wa Wayao aliyetawala kwenye uwanda wa Makonde, alimwandikia barua kwa Kiswahili Hermann von Wissmann, kamishna wa Wajerumani aliyemtaka asalimu amri. Alimjibu kwamba maneno yake ameyasikia ila haoni sababu ya kumtii, na ni heri afe. Kama anataka urafiki, urafiki upo, lakini kuwa raia wake hapana. Wewe ni mtawala kwenu, mimi ni mtawala kwetu. Mimi sikwambii unitii. Miaka tisa baadaye alizidiwa nguvu akavuka kwenda Msumbiji. Barua haikuzidiwa. Ilibaki upande wa adui, tunaisoma mpaka leo, na bila hiyo tungekuwa na maelezo ya Wissmann peke yake.

Sasa barua zako tatu. Ile ndefu nimeiona imeanza kwa salamu za Kiarabu, kisha inaingia Kiswahili. Usimpelekee mtu anayejua Kiarabu tu, atakwama. Waandishi wetu wa zamani walitumia herufi moja, *be*, kwa sauti ya b, ya p, na mara nyingine mb; msomaji ndiye aliyejua kipi ni kipi kutokana na maana. Mtafute mwalimu wa chuo cha Kurani aliye mtu mzima, aliyekulia Mikindani au Lindi, anayeyajua majina ya Kimakonde na Kimwera. Akisoma, wewe andika. Asipokuwa na hakika na neno, acha nafasi, usimlazimishe kubahatisha.

Nitakueleza kwa nini sina subira na kuchoma. Nimefanya kazi ya masijala miaka 31. Ofisi moja niliyokuwamo ilihamishwa jengo, tukaambiwa leja za zamani zinajaza nafasi. Zikatolewa kwa mkokoteni. Kama wiki tatu baadaye nilinunua karanga stendi, na nilipofungua kile kikaratasi nikaona mwandiko wa karani mwenzangu, ile *k* yake ya mkia mrefu. Ilikuwa orodha ya walipa kodi. Jina la nne lilikuwa la mzee mmoja aliyekuwa amekuja dirishani kwangu mara tatu kutafuta ushahidi wa shamba lake, na mara zote nilimjibu kwamba naendelea kutafuta. Nilinunua karanga zote zilizobaki kwenye sinia. Nilipata kurasa 11. Yake niliipeleka kwake kwa baiskeli siku ile ile, na ilikuwa na doa la mafuta katikati ya jina.

Basi fanyeni hivi. Leteni karatasi nje kivulini, si juani, mzipanguse kwa brashi laini. Zenye mchwa zitengeni na nyingine. Ila kabla hamjatoa hata karatasi moja sandukuni, pigeni picha kama zilivyopangwa, maana babu alizifunga mafungu kwa sababu zake. Mkizichanganya, picha ile ya watu msiowajua itapotezana na barua iliyokuwa imefungwa nayo, na huenda ndiyo inayowataja. Ondoeni pini zenye kutu polepole. Selotepu msiitumie, wala msipeleke kupigwa laminesheni. Namba ziandikwe nyuma kwa penseli. Kisha kila fungu liingie kwenye bahasha ya karatasi, na sanduku likae juu ya meza, mbali na ukuta. Hewa ya Mikindani ina chumvi na unyevu, basi mfungue kila baada ya miezi michache mkague. Madaftari ya korosho msiyaone takataka: bei ya kilo, mwaka kwa mwaka, kwa mkono wa mkulima mwenyewe, si kitu cha kupatikana kirahisi.

Swali: Bibi, wanafunzi wangu hawaamini kwamba treni iliwahi kufika Nachingwea. Ushahidi nitaupata wapi?
*Mwalimu, Nachingwea*

Jibu: Ilifika, mwalimu. Reli ilijengwa kutoka pwani kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Bandari ya Mtwara nayo ilijengwa kwa ajili hiyo. Mizigo haikutosha, na miaka ya mwanzo ya 1960 reli iling'olewa. Waandikie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa; kwa sheria ya 2002, nyaraka za umma zikitimiza miaka 30 kwa kawaida hufunguliwa. Taja reli, miaka, na jina la wilaya. Wakati unasubiri majibu, watembeze wanafunzi kwenye tuta la zamani la reli na kamba ya kupimia, wachore walichokiona, waandike tarehe na majina yao. Nakala moja ya michoro ibaki shuleni kwenye faili lake.