Kawawa: kutoka chama cha wafanyakazi hadi Uwaziri Mkuu

Umeuliza imekuwaje Kawawa, aliyekuwa mtu wa wafanyakazi, ndiye akaja kuzuia migomo. Nijibu kwa kifupi.

Rashidi Mfaume Kawawa alianza kama karani wa serikali ya kikoloni (na filamu aliigiza pia, wengi hawajui hilo). Akaongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kisha 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika. Mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kujiunga na TANU, chama kilichopigania uhuru, kwa hiyo kazi akaiacha.

Januari 1962 Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu akamwachia Kawawa. Mwaka huohuo serikali yake ikapitisha sheria ambazo zilifanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani: mgogoro lazima upite kwanza kwenye usuluhishi. Wenzake wa zamani walikasirika kwelikweli. Christopher Tumbo wa chama cha reli alipelekwa London kuwa balozi, akaacha ubalozi na kuingia upinzani. Victor Mkello, rais wa TFL, mapema 1963 alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Baada ya maasi ya jeshi ya 1964, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu wake mkuu, Michael Kamaliza, alikuwa hapohapo Waziri wa Kazi!

Kwa maoni yangu Kawawa hakugeuka ghafla. Kwake chama cha wafanyakazi kilikuwa njia ya kumwondoa mkoloni, na mkoloni alishaondoka.