Mwalimu Anajibu: "Rais wa muda tu" wa Haiti

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Shuleni tuna mdahalo kuhusu wanawake na uongozi. Nimeandika kwamba mwanamke wa kwanza kuiongoza Haiti ni Ertha Pascal-Trouillot. Mwenzangu anasema ni Claudette Werleigh, kwa sababu huyo wangu alikuwa rais wa muda tu, hahesabiwi. Nani yuko sahihi?
– Rehema, kidato cha tatu, Morogoro

JIBU: Marahaba, Rehema. Uko sahihi, na hilo "wa muda tu" limenichoma.

Ertha alizaliwa Pétion-Ville mwaka 1943, baba fundi chuma, mama mshonaji. Akasomea sheria, akawa jaji, akafika mahakama ya juu kabisa kabla ya mwanamke mwingine yeyote nchini mwake. Machi 1990, maandamano yalipomng'oa Jenerali Prosper Avril, alikabidhiwa urais kwa kazi moja: kuitisha uchaguzi. Usiione ndogo, mwanangu. Uchaguzi wa Novemba 1987 ulizimwa kwa damu, wapiga kura wakauawa vituoni. Mjane huyu akaipokea kazi hiyo, na tarehe 16 Desemba 1990 Wahaiti wakapiga kura. Jean-Bertrand Aristide alishinda kwa takriban asilimia 67.

Usiku wa kuamkia 7 Januari 1991, Roger Lafontant, aliyekuwa waziri wa dikteta wa zamani Jean-Claude Duvalier, akamteka Ertha na kumlazimisha atangaze kujiuzulu. Nilikuwa mwalimu mgeni kazini. Habari ilinikuta na redio ya betri, taa ya chemli mezani, madaftari ya wanafunzi hayajasahihishwa. Nikaacha kalamu. Baadaye nikasikia kuwa wananchi wamefurika mitaani Port-au-Prince, mji mkuu, na wanajeshi wamemtia Lafontant mbaroni. Ertha akarudi kwenye kiti chake, na tarehe 7 Februari akamkabidhi Aristide nchi. Nililia siku ile, wala sikuona haya.

Mwenzako amechanganya vyeo. Werleigh ndiye mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Haiti, Novemba 1995 hadi Februari 1996. Kabla ya hapo alikuwa waziri wa mambo ya nje wa serikali ya Aristide, hata wakati majenerali walikuwa wamempindua rais huyo, wameishika Port-au-Prince, naye yuko uhamishoni. Hebu fikiria kuisemea nchi iliyo mikononi mwa waliompindua rais wako.

Na mwambie hili pia: mwaka 1990 Werleigh alikuwa tayari waziri, akishika masuala ya jamii. Aliyempa wizara hiyo ni Ertha.