RPG ya kweli ni ipi? Najibu maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika kwamba sio kila gemu yenye levo ni RPG (role-playing game, gemu ya kuvaa uhusika), basi watu mkawaka kinoma. Maswali ni mengi, mengine sio maswali ni matusi tu, nachukua yale yaliyojirudia.

Mkuu, sasa kama sio levo, RPG ni nini? Mi nilijua ni gemu yoyote ambayo mtu wako anakua.

Levo ni dalili tu. Hii kitu haikuanzia kwenye kompyuta, ilianzia mezani. Mwaka 1974 kule Marekani jamaa wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mnakaa na karatasi, penseli na dadu, mmoja anasimulia na wengine kila mtu ana mhusika wake kaandikwa pale, nguvu kiasi hiki, akili kiasi hiki, ulimi kiasi hiki. Ukisema "naruka huu ukuta" hakuna anayejali kama wewe mwenyewe una kitambi, tunaangalia karatasi inasemaje alafu dadu inarushwa. Mwaka 1981 magemu ya Ultima na Wizardry yakaipa kompyuta kazi ya yule msimuliaji na hesabu zake zote.

Kwahiyo kipimo changu ni hiki: anayefaulu au kufeli ni mhusika, sio vidole vyako peke yake, na vile ulivyomjenga kunakufungulia milango fulani na kukufungia mingine moja kwa moja. Hiyo ya kufungiwa ndo watu wengi wanaisahau.

Kaka vipi kuhusu GTA San Andreas? CJ, yule mhusika mkuu, anakula anakuwa bonge, anaenda jim anajaa, hata kubana pumzi chini ya maji anajifunza. Hiyo sio RPG?

Hahaha hili nililitegemea, San Andreas kwetu ni kama dini. Ni kweli, watengenezaji wake Rockstar walivyoitoa 2004 waliweka vitu vingi vya RPG humo, ukitumia bunduki moja sana unakuwa fundi wake, ukila kuku hovyo unanenepa na mbio zinapungua, na kuna misheni ya kuogelea ambayo usipokuwa na mapafu ya kutosha haianzi. Ila jiulize, CJ bonge na CJ mwenye misuli wanaishia wapi? Palepale. Rafiki yako Big Smoke atakusaliti tu hata ukimfanyia wema gani, wala hamna sehemu unaweza kumwambia kaka yako Sweet "broo mi hii vita ya mtaa siitaki". Na ukilenga vibaya na vidole vyako, umelenga vibaya. Kwangu ni gemu ya ekshen iliyoazima nguo za RPG, na imezivaa vizuri.

Tupe mfano MMOJA wa RPG ya kweli, usizunguke.

Fallout ya 1997. Sio zile mpya, ile ya kwanza, picha zake za kizee na unaitazama kwa juu. Dunia ishapigwa mabomu ya nyuklia, upo Kalifonia, unatolewa kwenye handaki ulimozaliwa ukatafute chipu ya mtambo wa maji na una siku 150 za kwenye gemu, zikiisha bila chipu watu wako wanakufa na kwako gemu imeisha.

Kabla hujaanza unagawa pointi kwenye vitu saba, kuanzia nguvu, akili mpaka bahati. Sasa fanya hivi, mpe akili ya chini kabisa. Ukifika kwa watu kuongea, zile sentensi za kuchagua zinapotea, mhusika wako anabaki anaguna tu, "uh", "mmh", kuna wanaomuonea huruma kama mtoto na kuna kazi hapewi kabisa kwasababu nani atamuelewa. Gemu nzima imebadilika kwasababu ya namba moja uliyoiweka kabla hata hujatembea hatua.

Alafu kuna mwisho (kama hujacheza ruka hii aya, japo miaka yote hiyo ulikuwa wapi). Adui mkuu anaitwa Master, anageuza watu kuwa majitu akiamini hao ndo binadamu wapya. Unaweza kumpiga risasi, sawa, ila ni mgumu balaa. Unaweza pia kulipua sehemu nzima bila kupigana naye. Au, kama uliwekeza kwenye kuongea na ukahangaika kutafuta ushahidi, unakaa nae unamuonesha kwamba majitu yake hayazai, kizazi chake chote ni bure, na yeye mwenyewe anakata tamaa anajilipua. Umemmaliza kwa mdomo! Mwenzako aliyejenga mbabe wa ngumi hata hajui kama hayo maongezi yapo.

RPG bila kupigana inawezekana?

Inawezekana, tafuta Disco Elysium ya 2019. We ni mpelelezi umeamka hotelini na hangova mbaya, hukumbuki hata jina lako, tai yako inazunguka kwenye feni ya dari. Ukimjenga mwili dhaifu, kwenda kuivuta tu ile tai unaweza kupata mshtuko wa moyo ukafa, hata suruali hujavaa. Una vipaji 24 na kila kimoja kinakuongelesha kichwani, vingine vinakudanganya. Uwe tu na uvumilivu wa kusoma, maandishi ni mengi haswa.

Magemu ya Kijapani kama Final Fantasy stori ni moja tu, huchagui kitu. Utayatoa kwenye ukoo?

Siyatoi. Yuji Horii alitengeneza Dragon Quest ya 1986 baada ya kunogewa na hizohizo Ultima na Wizardry, kwahiyo ni damu moja. Wajapani walishika upande wa hesabu, nani umpe uchawi gani, nani atangulie, wakaacha upande wa kuchagua. Kwenye Final Fantasy VII we ni mhusika anaitwa Cloud, ushaandikiwa. Ni ndugu, ila ndugu wa upande mwingine, na wakija na stori kali namna ile nani atabishana nao.

Call of Duty online nipo levo 55, mi nacheza RPG au sichezi?

Huchezi. Zile levo ni zawadi za kukufanya urudi kesho. Pole lakini.

Sina PC wala PlayStation, nina Android na bando la mawazo. Nianze na nini?

Shattered Pixel Dungeon. Bure, haina matangazo, ni MB chache na unacheza bila intaneti. Onyo tu, ukifa umekufa, unaanza mwanzo. Stori ni ndogo sana ila itakufundisha kufikiri kabla ya kugusa skrini. Ukipata hela kidogo, Planescape: Torment ya 1999 ipo kwa Android. Na siku ukipata kompyuta jaribu Aurion ya Wakameruni wa Kiro'o Games, 2016, kupigana kwake ni kwa vidole zaidi kwahiyo kwa kipimo changu inapungua, ila ufalme wote wa mle ndani ni wa Kiafrika.

Kwenye Baldur's Gate 3, ile RPG inayorusha dadu, dadu ikinikataa narudisha sevu (pale nilipohifadhi gemu) mpaka ikubali. Ni dhambi?

Gemu ni yako bana, umelipia. Ila unajinyima. Watengenezaji wake Larian wameandika kitu cha kutokea hata ukifeli, na ukichagua kuwasaidia magoblini kuvamia ile kambi ya wakimbizi, wenzako wawili wa safari, Wyll na Karlach, wanaondoka na hawarudi. Sasa ukirudisha kila kitu hayo utayaonea wapi. Kama huwezi kujizuia kuna Honour Mode waliyoiongeza Novemba 2023, sevu ni moja na huwezi kurudi nyuma, ila usianzie hapo, maliza kwanza ya kawaida.